Banio la saruji, ng'ombe au mikaratusi: nani anaukausha Ruaha?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni katibu wa jumuiya ya watumia maji huku Mbarali. Nilipokuwa mtoto mto wetu ulitiririka mwaka mzima. Siku hizi ikifika Septemba tunauvuka na kandambili bila kulowa vidole. Mwezi ujao tuna mkutano mkuu. Wapo wanaosema waondoke wafugaji waliobaki, wapo wanaotaka mikaratusi yote huko juu ikatwe, na kuna mfadhili anataka kutujengea banio la saruji, ule ukuta wa kukinga mto ili maji yaingie mferejini, na kusakafia mfereji ili "maji yasipotee". Watafiti wanakuja hapa tangu enzi za wazazi wetu, wanapima, wanaondoka. Walipata nini? Na hilo banio tulikubali au tulikatae?

JIBU: Marahaba Katibu, na poleni na kazi.

Nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo lenye tarehe. Banio msilikatae. Ila msigonge muhuri kwenye mchoro mpaka mhandisi akae nanyi na kuwaonyesha jambo moja: siku mto utakapobaki na lita mia tano kwa sekunde, ngapi zitaingia mferejini na ngapi zitapita kwenda kwa wenzenu wa chini? Asiwajibu kwa habari za masika. Masika kila banio ni zuri. Azungumzie Septemba.

Kwa nini nasisitiza Septemba, inabidi tuitazame nchi yenyewe kwanza. Wewe unaijua kuliko mimi, lakini wapo wasomaji ambao Usangu, uwanda wenu huo, wameiona kwa dirisha la basi tu, kati ya Makambako na Mbeya. Kusini kuna milima ya Poroto na Kipengere, ambako mvua hufika milimita 1,600 kwa mwaka. Chini yake ni uwanda mpana, mkavu, unaopata milimita 500 hadi 700, na zote huanguka kati ya Novemba au Desemba na mwezi wa nne au wa tano. Mito inayoshuka milimani ni mingi, ila inayotiririka mwaka mzima inahesabika kwa vidole vya mkono mmoja: Ruaha Mkuu wenyewe, Chimala, Kimani, Mbarali na Ndembera. Yote huingia kwenye bwawa la asili la Ihefu. Na Ihefu ina mlango mmoja tu wa kutokea, Ng'iriama, ambako kuna mwamba umelala kukingama mto. Maji yakiupita mwamba huo ndipo yanakuwa mto tena, yanapita Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, yanafika mabwawa ya umeme ya Mtera, kisha Kidatu, hatimaye mto Rufiji.

Fikiria karai lenye tundu pembeni, karibu na mdomo. Maji yakijaa juu ya tundu, yanatoka. Yakishuka chini ya tundu hata kwa upana wa kidole, hayatoki hata tone, ingawa karai bado lina maji tele. Ndivyo Ihefu ilivyo. Ndiyo maana unaweza kukuta wavuvi wanatupa nyavu Ihefu na wakati huohuo viboko wamebanana kwenye kidimbwi cha tope kule hifadhini. Mto ulianza kukatika kiangazi mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mwaka unaotajwa sana ni 1993.

Sasa, watafiti walipata nini? Kazi kubwa mbili ndizo za kuzitazama. Ya kwanza, mradi uliojulikana kwa kifupi SMUWC, ilianza mwaka 1998, ikapima mito, udongo, mifugo, samaki, karibu kila kitu. Ya pili, mradi wa utafiti ulioitwa RIPARWIN, ilianza 2001 na iliwakutanisha watu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Chuo Kikuu cha East Anglia cha Uingereza na taasisi ya kimataifa ya utafiti wa maji, IWMI. Walichukua kumbukumbu za vipimo vya mito tangu 1958 wakazilinganisha mpaka 2004. Maji yanayoingia Ihefu katika miezi ya Julai hadi Novemba yalikuwa yamepungua kwa takribani asilimia 70. Eneo la Ihefu la kiangazi lilikuwa limesinyaa kwa karibu asilimia 40. Na sababu kubwa waliyoiona ni maji yanayochepushwa na watu, hasa kwa umwagiliaji.

Upungufu huo ni wa kiangazi. Mtu akisimama mkutanoni akasema "mvua zimekwisha, ndiyo maana", mwulize mbona mto haukupungua hivyo mwezi wa tatu. Kilimo cha mpunga wa kumwagilia kilifika Usangu na Wabaluchi, wahamiaji wenye asili ya Baluchistan, kabla ya uhuru, kikiwa cha mashamba madogo. Baadaye yakaja mashamba makubwa ya Mbarali, kisha Kapunga na Madibira, na pembeni yake mifereji ya wananchi isiyo na idadi. Kufikia miaka ya 2000 eneo linalomwagiliwa lilikuwa kati ya hekta 20,000 na 40,000 kutegemea mwaka. Masika mto unazimudu. Tatizo ni kwamba mfereji uliochimbwa kwa ajili ya masika haufungwi kiangazi.

Kuna hesabu moja ya watafiti hao ambayo ningependa uibandike ukutani ofisini kwenu. Ili mto usife kabisa kule hifadhini, wanyama na samaki wapate pa kupumulia, inatakiwa ipite Ng'iriama angalau mita za ujazo 0.6 kwa sekunde, yaani lita 600. Kidogo sana, siyo? Lakini ili hizo lita 600 zitoke, lazima ziingie Ihefu kwa wastani lita 7,000 kwa sekunde kiangazi chote. Kwa nini tofauti kubwa hivyo? Kwa sababu Ihefu ni pana, haina kina, na jua la Oktoba linakunywa kabla ya mto kunywa. Ni kama ushuru wa getini: usipokuwa na nauli ya kuulipa kwanza, hupiti. Ndipo wakapiga mahesabu kwamba katika mito ile ya mwaka mzima, kiangazi watu watumie asilimia 20 ya maji na asilimia 80 yaachwe yaende. Shika tarakimu hizo mbili, nitazirudia.

Tuje kwa ng'ombe.

Mwaka 2006, wakati nchi ikiwa gizani kwa mgawo wa umeme, serikali iliamua wafugaji waondoke Usangu. Watu walihamishwa na mifugo yao, wengi kuelekea Lindi, na mwaka 2008 Ihefu na eneo linaloizunguka likaunganishwa na Hifadhi ya Ruaha. Nakumbuka siku zile ilikuwa vigumu hata kwa sisi wapimaji kusema neno. Kila mtu alishajua mkosaji. Basi tupige hesabu ambayo ilipaswa kupigwa hadharani. Ng'ombe wa kwetu hunywa kama lita 40 kwa siku, tena nimempimia kwa ukarimu. Chukua ng'ombe 300,000. Jumla ni lita milioni 12 kwa siku. Gawanya kwa sekunde za siku nzima, 86,400, unapata kama lita 140 kwa sekunde. Mfereji mmoja wa wastani, wa kijiji kimoja, unabeba zaidi ya hizo. Ng'ombe wanafanya uharibifu wao, sikatai: wanakanyaga kingo, wanatibua chemchemi, wanamaliza majani mpaka udongo unabaki uchi, na ugomvi wao na majaruba, yaani vipande vya shamba la mpunga, mnaujua ninyi. Hayo yashughulikiwe kama yalivyo. Lakini kunywa mto mpaka ukauke hawawezi. Na baada ya wao kuondolewa, mto uliendelea kukauka.

Nikiwa hapo hapo niseme na la umeme, maana bado kuna watu wanaamini wakulima wa Usangu ndio waliozima taa za Dar es Salaam. Mtera inahifadhi zaidi ya mita za ujazo bilioni 3. Ule mtiririko wote wa lita 7,000 kwa sekunde unaotakiwa Ihefu kiangazi, ukiuacha upite wote kwa siku 150 bila jua kunywa hata tone, unapata mita za ujazo milioni 91 hivi. Hiyo haifiki asilimia 3 ya bwawa. Mtera hujazwa na mafuriko ya masika, na hunyweshwa pia na mito mingine kama Ruaha Mdogo na Kisigo. Mkulima anayechepusha maji Septemba anawaumiza viboko, samaki na jirani yake wa chini. Bwawa halimwoni.

Mikaratusi nayo ina hadithi yake, na hapa utafiti una jambo ambalo wengi hawapendi kulisikia. Mwishoni mwa miaka ya 1950 na katika miaka ya 1960, watafiti wa taasisi ya Afrika Mashariki ya kilimo na misitu iliyokuwa Muguga, Kenya, walikuja palepale milima ya Mbeya. Wakachagua vibonde viwili: kimoja kina msitu wa asili, kingine kimelimwa na wananchi mpaka kwenye miteremko mikali. Wakajenga vipimio vya maji kwenye mdomo wa kila kimoja wakakaa miaka kadhaa wakiandika. Kila mtu alitarajia kibonde kilicholimwa kitakauka kiangazi. Kikatoa maji mengi kuliko chenye msitu, hata kiangazi.

Usilipeleke hilo mkutanoni bila maelezo, Katibu, watakupopoa. Udongo wa pale ni wa majivu ya volkano, unanyonya mvua kama sifongo hata ukilimwa, kwa hiyo mvua haikuteleza juu ya ardhi na kupotea. Kwenye udongo mfinyanzi uliopigwa na jua na kwato, mambo hugeuka: mvua inakimbia juu kwa juu, inabeba udongo, na chemchemi inakosa kulishwa. Ila msingi ni kwamba mti ni kiumbe kinachokunywa. Mizizi ya mti inafika kwenye maji ambayo mahindi hayayafikii, na majani yake yanayarudisha hewani mwaka mzima. Afrika Kusini walipima jambo hilo kwenye vibonde vya milimani kwa miongo mingi, na kote walikopanda mikaratusi na misindano penye majani ya asili, vijito vilipungua.

Kwa hiyo wanaotaka mikaratusi itoke wana hoja nusu. Iliyosimama kwenye chemchemi na kando ya vijito, iondolewe, ipandwe miti ya asili inayovumilia maji. Na hapo sheria iko nanyi, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kudhuru mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto. Iliyopandwa mlimani mbali na maji ni mboga ya mtu, ada ya shule, nguzo na kuni. Mkiikata yote mtaongeza maji kidogo na maadui wengi, na Septemba bado mtauvuka mto na kandambili.

Basi kilichobaki ni banio, na hapa ndipo ninapotaka kukaa.

Unalikumbuka banio la zamani? Miti imekitwa mtoni, mawe, nyasi, magunia ya mchanga. Kila masika linabebwa, kila mwaka kijiji kizima kinatoka na majembe kulijenga upya. Ni kazi ya punda. Na linavuja, ukisimama juu yake unasikia maji yakipenya kwenye mawe usiku kucha. Wahandisi waliliona wakasema hili linapoteza maji. Katika miaka ya 1990 ukaja mradi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia kuboresha skimu za umwagiliaji za wakulima wadogo, mabanio mengi yakajengwa kwa saruji na milango ya chuma. Wakulima walifurahi, nami ningefurahi.

Kumbe ule mvujo ndio uliokuwa ukiwanywesha watu wa chini. Banio la miti haliwezi kuuziba mto hata mwenyewe ukitaka. Banio la saruji linaweza. Ukuta wake unakaa kukingama mto mzima, na mto ukishuka chini ya kimo cha ukuta, maji yote yanayobaki yana njia moja tu, mferejini. Hakuna aliyeiba. Mgawa maji amefungua mlango vilevile alivyoufungua mwezi wa pili. Mto tu ndio umepungua. Mwezi wa pili mlango ule ulichukua sehemu moja ya kumi. Septemba, kwa uwazi uleule, unachukua yote. Watafiti waliona hivyo kwenye skimu baada ya skimu: kuboresha kulikokusudiwa kuokoa maji kuliwapa watu wa juu mkono mrefu zaidi.

Kusakafia mfereji kuna mtego unaofanana. Mfadhili anaona maji yanayozama kwenye mfereji wa udongo na yanayomwagika mwisho wa majaruba anaita "yamepotea". Yamepotea kwa nani? Tembea kwa miguu kutoka banio lenu mpaka mwisho wa mtaro wa kutolea maji, kisha uendelee mbele kilomita mbili. Utamkuta mtu analima kwa maji hayohayo yaliyopotea. Hana kibali, hana mfereji, hayumo kwenye daftari lako, lakini mpunga wake umesimama. Mengine yanarudi mtoni. Mkisakafia, maji hayo yatafika mashambani kwenu, na sijaona bado kijiji ambacho kikiwa na maji ya ziada mferejini kinayaacha. Kinafungua majaruba mapya. Mwisho wa siku mfereji umekuwa mzuri, ekari zimeongezeka, na mto umekauka zaidi.

Siyo kwamba saruji ni mbaya. Kuna namna ya kujenga banio ili liwe la kugawa kwa uwiano: upande wa mfereji na upande wa mto kila kimoja kina uwazi wake kwenye kimo kilekile, maji yakipungua pande zote mbili zinapungua pamoja, na upande wa mfereji una kikomo ili mafuriko yasiwavunjie tuta. Halihitaji mtu wa kufungua na kufunga usiku, na linaonekana kwa macho. Mkulima wa chini akija na baiskeli yake anaona mwenyewe kwamba mto umepata fungu lake. Mwombe mhandisi mchoro wa namna hiyo. Akikuambia haiwezekani, mwombe aandike.

Na kuna jambo ambalo watafiti walilikuta kwa bahati, nadhani ndilo la maana kuliko yote waliyoyakuta. Waliuliza: kiangazi, wakati mpunga umeshavunwa, mfereji umefunguliwa kwa ajili ya nini? Vitunguu, nyanya na maharage kidogo, ndiyo, tena yana bei. Lakini mifereji mingi ilikuwa wazi kwa ajili ya ndoo. Akina mama wanachota, watoto wanaoga, kuna mtu anafyatua matofali, mbuzi wanapita kunywa. Kijiji chenye mahitaji ya ndoo elfu chache kwa siku kinavuta mto kilomita nane kwenye udongo mkavu ili ndoo hizo zijae. Karibu maji yote yanazama njiani. Watu elfu tatu, kila mmoja lita 50, ni lita 150,000 kwa siku, chini ya lita 2 kwa sekunde. Na mfereji unachukua lita 200, pengine 300. Kisima kirefu kimoja au viwili vyenye pampu vingewaruhusu kulifunga banio toka Agosti mpaka mvua. Kwa hiyo mfadhili akiwauliza mnataka nini cha kwanza, mimi ningesema visima. Havina uzinduzi wa kuvutia kama banio, najua.

Ubishi mkubwa utakuwa Oktoba na Novemba, na hapo sitawaficha: ni suala la pesa. Anayewahi kitalu cha miche anawahi kuvuna, na mpunga wa mwanzo una bei. Basi watu wa juu wanaloweka majaruba wakati mto uko chini kabisa, watu wa chini wanasubiri mpaka Januari, na msimu unavutwa miezi na miezi. Wakulima wengine wamejaribu kilimo shadidi: miche michanga ya siku 8 hadi 12, mmoja mmoja, kwa nafasi ya sentimita 25, shamba linaloweshwa na kukaushwa badala ya kuwa bwawa. Sokoine wamekipima Mkindo, Morogoro, na mavuno yalipanda huku maji yakipungua sana. Kina palizi nyingi, na anayekwambia hakina hajawahi kupalilia. Mwanzo mzuri ni vitalu vya pamoja: badala ya kila mtu kuvuta maji mfereji mzima kwa kitalu chake kidogo, viwekwe eneo moja karibu na banio.

Mtauliza, hata tukikubaliana sisi, wa juu yetu je? Ndugu zangu, hapo ndipo unapofaa mchezo wa gololi. Mtafiti mmoja wa East Anglia, Bruce Lankford, alibuni ubao mkubwa wa mbao ulioinamishwa. Katikati kuna mfereji ambao ndio mto, pembeni kuna vishimo ambavyo ndivyo mashamba, chini kabisa kuna Ihefu. Unamimina gololi za kioo juu. Kila kikundi kinaweka vijiti kama banio na kuzichota kuingiza kwenye vishimo vyake. Ulichezwa Usangu na wakulima wa skimu mbalimbali. Nimewahi kuushuhudia ukichezwa. Raundi ya kwanza vurugu, vicheko, watu wazima wanasukumana. Vishimo vya juu vimejaa mpaka gololi zinarukia sakafuni, mzee aliyepangwa chini anazo mbili, amezishika kiganjani anazitazama. Kisha wakabadilishana nafasi. Wa juu wakaenda chini. Raundi ya pili kelele zilikuwa ndogo sana. Kabla ya ya tatu hawakungoja kuambiwa, walianza kupangana zamu wenyewe. Hauhitaji ubao wa Uingereza; fundi seremala wa Ubaruku au Rujewa atautengeneza kwa siku mbili. Waalikeni jumuiya ya juu yenu na ya chini yenu, na msiwaweke watu kwenye nafasi zao halisi.

Kibali chenu cha kutumia maji pia kitazamwe. Vibali vingi vimeandikwa lita kadhaa kwa sekunde, tarakimu moja, kana kwamba mto nao ni tarakimu moja. Vingine ukivijumlisha vinazidi maji yote ya mto wa Septemba. Mtu akilipia lita mia tatu anaona ana haki ya kuzichukua hata kama mto mzima una mia mbili. Nendeni Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji mkaombe kibali chenu kiandikwe fungu la kiangazi kwa sehemu ya mto badala ya kiasi kisichobadilika. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji, Na. 11 ya 2009, inawapa jumuiya kama yenu mahali pa kusimama, na tangu Sera ya Maji ya 2002 mpangilio uko wazi: maji ya kunywa ya watu kwanza, mazingira pili, mengine yanafuata.

Lakini usiende kokote mikono mitupu. Nenda na vipimo, na vipimo hivi havihitaji mtafiti. Tafuta sehemu mto umenyooka, juu ya banio, mita 20 umepima kwa kamba. Pima upana, kisha kina mahali patano kwa fimbo iliyochorwa sentimita, upate wastani. Chukua chungwa, siyo chupa, maana chupa inasukumwa na upepo. Chungwa huelea likiwa karibu lote majini. Liachie juu ya kamba ya kwanza, hesabu sekunde mpaka ya pili. Fanya mara tano. Tuseme upana mita 4, kina mita 0.3: eneo ni mita za mraba 1.2. Chungwa limetumia sekunde 40, mwendo ni nusu mita kwa sekunde. Zidisha kwa 0.8 kwa kuwa maji ya chini na ya pembeni huenda polepole, unapata 0.4. Mara 1.2 ni 0.48. Mto una lita 480.

Sasa ingia mferejini ufanye hivyohivyo. Upana mita 1.5, kina 0.4, chungwa sekunde 25: inakuja lita 384. Hizo ni asilimia 80 ya mto. Ile hesabu ya watafiti, ishirini kwenu na themanini kwa mto, ninyi mmeigeuza kichwa chini, na mmeipima wenyewe kwa mikono yenu. Sijui vipimo vyenu halisi vitasomaje; huu ni mfano tu. Lakini ndicho kitu cha kwanza ningekiandika ubaoni siku ya mkutano, kabla mtu hajataja ng'ombe.

Anza Julai, rudia kila baada ya wiki mbili mpaka mvua zinyeshe, saa ileile, sehemu ileile, na andika pia kama mlango ulikuwa wazi kiasi gani. Mtume kijana wa sekondari akae na daftari, na mtu wa jumuiya ya chini awepo kila mara kuhesabu sekunde pamoja naye, vinginevyo mtabishana hata kuhusu chungwa.